Seli, maktaba na lango: istilahi za usanifu wa chipu

"Zana huchagua seli kutoka maktaba, huzipanga kwa safu, kisha huziunganisha kwa nyaya." Sentensi hii haina neno hata moja lililo geni kwa mwanafunzi wa sekondari. Hata hivyo, mfasiri anayeikuta katika mwongozo wa uhandisi aweza kuisoma mara tatu asipate picha. Maktaba anayoijua ina vitabu. Seli anayoijua imo mwilini, au ni chumba cha mahabusu. Kamusi ya jumla haitamsaidia, kwa sababu asichokijua ni kitu chenyewe. Kwa hiyo makala hii inaeleza kitu kwanza, kisha inayapima maneno.

Kitu chenyewe

Saketi jumuishi, ambayo kwa jina la mazoea huitwa chipu, ni kipande cha silikoni ambamo transista na nyaya zake zimetengenezwa kwa pamoja, bila kuunganishwa moja moja kwa mkono. Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha saketi ya namna hiyo mwaka 1958. Mwaka uliofuata Robert Noyce wa Fairchild alibuni njia ya kuiunda iliyofaa zaidi kwa uzalishaji wa kiwandani. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa prosesa ya 4004, iliyokuwa na transista takribani 2,300. Idadi hiyo iliweza kuchorwa na watu. Chipu kubwa za leo zina transista kwa mabilioni, na hakuna ofisi ya wachoraji iwezayo kuzichora moja baada ya nyingine.

Suluhisho likawa kugawana kazi. Wataalamu wachache huchora saketi ndogondogo zinazohitajika mara kwa mara: ya kugeuza moja kuwa sifuri, ya kulinganisha ishara mbili, ya kuhifadhi biti moja. Kila moja hupimwa, hupewa maelezo, kisha huwekwa katika mkusanyiko. Saketi ndogo ya namna hiyo ndiyo seli sanifu, na mkusanyiko huo ndio maktaba ya seli. Msanifu wa chipu ya kidijitali hana haja ya kuchora transista tena. Huandika kazi anayoitaka kwa lugha maalumu, kama vile Verilog, na programu huyageuza maandishi yake kuwa seli zilizochaguliwa kutoka maktaba.

Mfano mmoja upo wazi kwa yeyote anayetaka kuuchunguza. Mwaka 2020 kampuni ya Google, kwa ushirikiano na SkyWater, kiwanda cha chipu kilichoko jimbo la Minnesota nchini Marekani, ilitoa hadharani faili za mchakato uitwao SKY130. Kabla ya hapo, faili za aina hiyo kwa kawaida zilitolewa kwa waliotia saini mkataba wa kutunza siri. Katika mojawapo ya maktaba za mchakato huo, seli zimechorwa kwa kimo cha maikromita 2.72, na upana wa kila seli ni kizidisho cha maikromita 0.46. Seli ndogo ya lango la NAND lenye maingizo mawili ina upana wa maikromita 1.38, yaani hatua tatu za 0.46, na ndani yake mna transista nne.

Mwashi ataelewa upesi kwa nini kimo hakibadiliki. Matofali ya kimo kimoja hujenga kozi iliyonyooka hata kama mengine ni marefu na mengine mafupi. Vivyo hivyo, seli za kimo kimoja hukaa bega kwa bega katika safu mlalo, na njia za umeme zilizo juu na chini ya kila seli hukutana na za jirani yake bila kuhitaji kuchorwa upya.

Kwa nini seli, si chembe wala kiini

Kiswahili kina maneno matatu yanayogombea nafasi hii: seli, chembe na kiini. Yote yana historia katika somo la biolojia, na katika mazungumzo ya kawaida huingiliana. Katika usanifu wa chipu hayawezi kubadilishana.

Chembe ni kitu kidogo kinachotajwa kwa udogo wake: chembe ya mchanga, chembe ya mtama, chembe ya haki. Neno hilo halidai kwamba kitu kina mipaka maalumu wala kwamba kuna kitu ndani yake. Seli sanifu, kinyume chake, ni fremu. Ina kimo kilichoamuliwa, ina milango ya kuingilia na kutokea ishara, na ndani yake mna saketi kamili. Asili ya neno seli, ambayo ni Kilatini *cella*, ni chumba kidogo, na maana hiyo ya chumba ndiyo inayohitajika hapa. Ni maana ileile iliyomo katika seli ya jedwali la kompyuta.

Kiini kina tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kina kazi nyingine katika uwanja huuhuu. Prosesa yenye viini vinne ina sehemu kuu nne zinazofanya hesabu kwa wakati mmoja, na kila kiini kati ya hivyo chaweza kuwa na seli sanifu kwa mamilioni. Mfasiri anayeita seli sanifu kiini atalazimika kuandika kwamba kiini kimoja kina viini milioni kadhaa. Msomaji makini ataona kosa. Msomaji asiye makini atalibeba.

Kisarufi, seli ni nomino ya ngeli ya I-ZI: seli hii, seli hizi. Maktaba pia ni ya ngeli hiyo: maktaba hii, maktaba hizi. Silabi ya kwanza ya maktaba huwavuta baadhi ya waandishi kusema "maktaba haya", lakini *ma-* hiyo ni sehemu ya neno la Kiarabu lililokopwa, na si kiambishi cha wingi.

Sanifu, usanifu, usanisi

Katika matini za fani hii, hakuna familia ya maneno inayohitaji uangalifu kuliko hii. Mzizi wa sanifu umetoka katika Kiarabu, ambamo unahusu kupanga vitu kwa aina na kutunga maandishi. Kiswahili kimeurithi kwa njia mbili. Kama kivumishi, sanifu ni iliyokubaliwa kuwa kipimo, kama katika Kiswahili sanifu. Kama kitenzi, kusanifu ni kubuni mpango wa kitu, kama afanyavyo msanifu majengo.

Kutokana na hali hiyo, seli sanifu na seli iliyosanifiwa si kitu kimoja. Ya kwanza imo katika maktaba na hufuata vipimo vya wenzake. Ya pili imebuniwa na mtu, na yaweza kuwa ya pekee kabisa, kwa mfano seli iliyochorwa kwa mkono kwa ajili ya kumbukumbu ya chipu moja. Usanifishaji ni kazi ya kuweka kipimo, ilhali usanifu ni kazi ya kubuni.

Karibu na familia hiyo pamesimama neno usanisi, ambalo wanafunzi wanalijua kutoka usanisinuru, yaani mmea kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Katika fani ya chipu, usanisi ni hatua ambayo programu huchukua maelezo ya kazi na kuyaunda kuwa mtandao wa seli. Usanifu na usanisi zinatofautiana kwa herufi mbili tu. Programu ya kusahihisha tahajia haitaona kosa, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Sentensi "usanifu ulichukua dakika kumi" na "usanisi ulichukua dakika kumi" zinatofautiana kwa kazi ya miezi mingi ya binadamu. Mhariri hana budi kulitafuta kila moja kwa jicho lake.

Lango lenye maana mbili

Kiingereza hutumia neno moja la lango kwa vitu viwili. Kitu cha kwanza ni sehemu ya transista: ukanda mwembamba unaopokea volteji na kuamua kama mkondo wa umeme upite au usipite. Kitu cha pili ni saketi nzima inayofanya tendo la kimantiki, kama vile NA, AU au SI. Mhandisi huitambua maana kwa muktadha. Mwanafunzi hawezi, na tafsiri isiyotofautisha humwacha gizani.

Hesabu ya seli ya NAND iliyotajwa hapo juu yaonyesha ukubwa wa tatizo. Seli hiyo ni lango moja kwa maana ya pili. Kwa maana ya kwanza ina malango manne, kwa sababu kila transista ina lango lake. Wahandisi hupenda kueleza ukubwa wa saketi kwa kuhesabu ni malango mangapi ya NAND yenye maingizo mawili yangejaza eneo hilohilo. Basi taarifa kwamba saketi ina "malango milioni moja" ikisomwa kwa maana isiyo yake, hesabu ya transista hukosewa mara nne.

Kiswahili kinaweza kuwa wazi kuliko lugha ya chanzo kwa gharama ya neno moja la ziada. Saketi ya kimantiki na iitwe lango mantiki, na sehemu ya transista iitwe lango la transista. Neno lango pekee litumike tu pale aya nzima inapohusu maana moja iliyokwisha kutajwa.

Tahadhari nyingine inahusu kipimo. Mchakato wa SKY130 huelezwa kuwa wa nanomita 130, na mfasiri aweza kudhani kwamba huo ndio urefu wa lango la transista. Katika mchoro wa transista yake ya kawaida ya volti 1.8, urefu mdogo kabisa unaoruhusiwa ni nanomita 150. Namba iliyomo katika jina la mchakato ni jina la kizazi cha teknolojia. Tafsiri salama ni "mchakato wa kizazi cha nanomita 130".

Majina ya malango mantiki yenyewe nayo yana mtego. NA, AU na SI hutafsirika vizuri, na mwalimu ana kila sababu ya kuyatumia darasani. NAND ni NA iliyokanushwa: tokeo lake huwa sifuri pale tu maingizo yote yanapokuwa moja. Anayeiunda kwa kuunganisha SI na NA atapata SINA, na darasa zima litasoma kwamba lango hilo linalalamikia umaskini. Ni heri kubakiza NAND kama jina na kulieleza kwa maneno.

Jina la seli lina mofimu zake

Faili za SKY130 zimejaa majina kama hili: sky130_fd_sc_hd__nand2_1. Kwa macho ya mgeni ni fujo. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, aliyezoea neno moja kama "hawatanisomea" kubeba ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea, jina hilo lina mantiki anayoijua tayari. Kila kipande kina nafasi yake, na nafasi hazibadilishwi.

Kipande sky130 hutaja mchakato. Kipande fd hueleza kwamba seli zimetoka kwa kiwanda chenyewe, sc kwamba ni seli sanifu, na hd kwamba maktaba hiyo imebuniwa ili seli zibanane katika eneo dogo. Baada ya mistari miwili ya chini huja mzizi: nand2, lango la NAND lenye maingizo mawili. Namba ya mwisho ni nguvu ya kusukuma mkondo. Zipo pia nand2_2, nand2_4 na nand2_8, ambazo hufanya kazi ileile ya kimantiki. Tofauti ni kwamba zenye namba kubwa zina uwezo wa kuendesha nyaya ndefu zaidi au seli nyingi zaidi, na kwa malipo ya uwezo huo huchukua nafasi kubwa zaidi.

Majina ya faili za muda yamejengwa kwa kanuni za aina hiyohiyo. Jina linaloishia kwa tt_025C_1v80 hueleza tabia ya seli zikiwa na transista za kasi ya wastani, kwa nyuzijoto 25 za Selsiasi na volti 1.80. Herufi v imesimama mahali pa nukta ya desimali. Lile la ss_100C_1v60 linahusu transista za polepole katika joto la nyuzi 100, na ff_n40C_1v95 linahusu za kasi katika baridi ya nyuzi hasi 40, ambapo n ni alama ya hasi. Chipu inayofanya kazi katika hali ya wastani peke yake haijakamilika, na ndiyo sababu seli moja hupimwa katika hali nyingi.

Majina haya hayatafsiriwi, kwa kuwa programu huyasoma kama yalivyo. Yanapaswa kufafanuliwa mara moja mwanzoni mwa matini, kipande kwa kipande.

Kilichomo katika maktaba

Kila seli katika maktaba ina sura kadhaa. Kuna mchoro wa maumbo, unaoonyesha kila tabaka la silikoni na metali. Kuna muhtasari wa mipaka, unaotaja ukubwa wa seli na mahali pa kuunganishia nyaya, bila undani wake. Kuna majedwali ya muda na nishati, na kuna maelezo ya kazi yake ya kimantiki. Zana tofauti husoma sura tofauti ya seli ileile.

Mtunga kamusi atauona udugu hapa. Kidahizo nacho kina tahajia, ngeli, maana na mfano wa matumizi, na kila msomaji huchukua anachokihitaji. Ulinganisho huo waweza kutumiwa darasani, lakini usigeuzwe istilahi. Neno maktaba limekwisha kuzoeleka katika uandishi wa programu kwa maana ya mkusanyiko wa sehemu zilizo tayari kutumika, na kuita kitu hiki kamusi ni kukitenga na ndugu zake. Tofauti moja tu ifafanuliwe kwa wanafunzi: kitu kilichochukuliwa kutoka maktaba hii hakirudishwi, na seli moja yaweza kutumika mara elfu katika chipu moja.

Zana na hatua zake

Zana katika fani hii ni programu ya kompyuta, na mara nyingi huitwa kwa hatua inayoishughulikia. Yosys hufanya usanisi. OpenROAD, mradi ulioanza mwaka 2018 ukiongozwa na Chuo Kikuu cha California, San Diego, hushughulikia upangaji wa seli na uunganishaji wa nyaya. Magic, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1980, huchora maumbo na kukagua kama yamefuata kanuni za kiwanda. SPICE, iliyotoka Berkeley pia na kutangazwa mwaka 1973, huiga mwenendo wa umeme katika saketi kabla saketi haijatengenezwa. Kazi hiyo ya mwisho huitwa uigaji. Isichanganywe na ukaguzi, ambao hulinganisha mchoro na kanuni zilizoandikwa.

Maneno manne ya kuepuka

Barakoa. Kiwandani, maumbo hupigwa kwenye silikoni kwa mwanga unaopita katika bamba lenye sehemu wazi na sehemu zilizozibwa. Bamba hilo halivaliwi na mtu. Neno linalofaa ni kiolezo.

Pembejeo. Mkulima ana pembejeo. Lango mantiki lina maingizo na tokeo.

Kandambili. Seli inayohifadhi biti moja ina jina la Kiingereza linalofanana na la viatu vya kuogea, na tafsiri ya mashine isiyosimamiwa yaweza kuangukia hapo. Flipuflopu, kwa tahajia ya Kiswahili, inatosha.

Bure. Neno hili ndilo lenye madhara makubwa kuliko yote, kwa kuwa linagusa haki za kisheria. Faili za SKY130 zilitolewa chini ya leseni ya Apache 2.0, inayoruhusu kuzitumia, kuzibadilisha na kuzisambaza, hata kwa biashara, kwa sharti la kuhifadhi matangazo ya leseni na hakimiliki. Hali hiyo huitwa huria. Bure husema tu kwamba bei ni sifuri. Zana nyingine hutolewa bure kwa wanafunzi ilhali hawana ruhusa ya kuzibadilisha wala kuzigawa. Hizo si huria. Kwa upande mwingine, seli huria haifanyi chipu iwe ya bure, maana kiwanda lazima kilipwe. Tofauti hiyo ilionekana mwaka 2025, pale kampuni ya Efabless, iliyokuwa ikiwawezesha watu wengi kugawana gharama za kutengeneza chipu kwa SKY130, ilipofunga shughuli zake. Njia hiyo ya kiwandani ikakatika, lakini leseni ya seli haikufutika, na maktaba zikaendelea kutumika.

Kwa mwalimu wa Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Nchini Kenya tayari kuna kampuni ya teknolojia ya nusukipitishi katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri. Zana huria hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya maabara ya chuo. Kinachokosekana ni matini za Kiswahili zinazotumia neno moja kwa kitu kimoja. Kiswahili kimekwisha kulipia uzembe wa aina hiyo: kompyuta na tarakilishi bado husomwa katika vitabu tofauti kana kwamba ni mashine mbili. Fani hii ingali changa kiasi cha kuepushwa na hali hiyo.

Matini ya mfano

Aya ifuatayo inatumia istilahi zilizopendekezwa, na yaweza kutolewa kwa wanafunzi kama kipimo cha tafsiri zao:

"Msanifu huandika kazi ya saketi kwa lugha ya Verilog. Zana ya usanisi huyageuza maandishi hayo kuwa mtandao wa seli sanifu kutoka maktaba ya mchakato uliochaguliwa. Kila lango mantiki hupewa seli yenye nguvu inayolingana na mzigo wake. Zana ya upangaji huziweka seli katika safu mlalo, na zana ya uunganishaji huchora nyaya kati ya matokeo na maingizo. Mchoro wa maumbo hukaguliwa kwa kanuni za kiwanda, kisha hukabidhiwa ili violezo vitengenezwe."